Bia ya Ruaraka, Gilasi ya Pipeline

Kenya Breweries ilipotimiza miaka 100, mwaka 2022, mengi yalisemwa kuhusu ndovu aliye kwenye chupa na kuhusu ubora wa bia yenyewe. Yana ukweli wake. Lakini kampuni ya bia haifikishi karne kwa ladha peke yake. Thika kulikuwa na kiwanda cha bia nzuri kilichofungwa baada ya miaka minne, na Moshi, Tanzania, kulikuwa na kingine kilichofungwa vivyo hivyo. Mimi naona siri ya umri huu iko kwenye sheria na ushuru: nani aruhusiwe kunywa, anywe nini, anywee wapi, na serikali ichukue kiasi gani katika kila gilasi. Anayebeba uzito wa maamuzi hayo, kwa mfuko wake na mara nyingine kwa uhai wake, ni mnywaji wa kipato cha chini wa Eastlands, Nairobi. Ndiyo maana nataka historia hii tuisome kutoka Pipeline.

Pipeline iko Embakasi Kusini, jirani na Tassia, Fedha na Mukuru kwa Njenga. Jina lake linatokana na bomba la mafuta la kutoka Mombasa, lililoanza kazi mwaka 1978. Leo ni msitu wa ploti za ghorofa saba, nane na zaidi, zimesongamana hadi vyumba vya chini havioni jua. Chumba ni futi kumi kwa kumi, choo na bafu ni vya ghorofa nzima, na maji yakipotea hubebwa kwa mitungi ngazi hadi ngazi. Wanaoishi humo ni vibarua wa viwanda vya Industrial Area, walinzi, watu wa mjengo, wahudumu wa hoteli, vijana waliotoka Magharibi, Nyanza na Ukambani kutafuta kazi. Chini ya karibu kila ploti kuna duka, kinyozi, wakala wa M-Pesa, kibanda cha chipsi, na mahali pa kuuzia pombe.

Bia ya Ruaraka haikuanzishwa kwa ajili ya watu hawa. Desemba 1922, ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, wakishirikiana na H.A. Dowding, waliandikisha kampuni na kuanza kutengeneza bia Ruaraka, Nairobi. Kreti za kwanza zilipelekwa hoteli ya Stanley, kwa walowezi. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker kwa kumbukumbu yake. Kila Mkenya anakijua kisa hicho. Kisichosimuliwa sana ni kwamba kwa miaka 25 ya kwanza Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kuinunua bia hiyo. Ruhusa ya kunywa bia ya chupa ilikuja mwaka 1947, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambamo maelfu ya Waafrika walipigana wakiwa wanajeshi wa jeshi la kikoloni la KAR na kurudi wakiwa wameshaizoea.

Kabla ya hapo Mwafrika wa Nairobi alipangiwa pombe yake na manispaa. Nairobi iliiga mfumo ulioanzia Durban, Afrika Kusini: kupika pombe ya kienyeji kulipigwa marufuku kwa watu binafsi, manispaa ikashika biashara hiyo peke yake, na faida ikatumika kulipia huduma za Waafrika. Pumwani, mtaa mama wa Eastlands ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndipo mfumo huo ulipotua. Tafakari maana yake. Mzungu alilipiwa barabara na hospitali kwa kodi ya jumla, Mwafrika akalipiwa ukumbi kwa kunywa. Na wanawake waliokuwa wakipika pombe nyumbani ili wapate kodi ya chumba wakawa wahalifu, wakikimbizana na askari vichochoroni. Mathare katika miaka ya 1970 ilikuwa bado inaishi hivyo: mwanamke na pipa lake la busaa, polisi na hongo yake.

Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na milango miwili. Mmoja wa pombe yenye leseni, unaolindwa na sheria. Mwingine wa pombe isiyo na leseni, unaovunjwa na sheria hiyo hiyo. Kampuni ya Ruaraka imekulia kwenye mlango wa kwanza.

Si Kenya peke yake iliyopitia haya. Marekani ilipopiga marufuku pombe yote mwaka 1920, mamia ya viwanda vya bia vilikufa. Yuengling cha Pottsville, Pennsylvania, kilichoanzishwa 1829 na ambacho ndicho kikongwe kuliko vyote nchini humo, kilinusurika kwa kutengeneza bia isiyolevya na kufungua kiwanda cha maziwa na aiskrimu, hadi marufuku ilipoondolewa mwaka 1933. Mnywaji wa kawaida hakuwa na njia ya namna hiyo. Alienda kwa wauzaji wa magendo, na wengi walikufa au kupofuka kwa spiriti ya viwandani iliyotiwa sumu makusudi ili isinywewe. Nchi ni tofauti na sababu za marufuku ni tofauti, lakini ukimfungia maskini pombe salama atatafuta nyingine, na hiyo nyingine hakuna anayeipima.

Uhuru ulipofika, kampuni ilikuwa tayari ya Afrika Mashariki nzima. Ilikuwa imeingia Tanganyika katika miaka ya 1930 na kubadili jina kuwa East African Breweries, ikachukua Uganda Breweries ya Port Bell, na mwaka 1962 ikammeza mshindani wake Allsopps. Kisha siasa zikaanza kuikata vipande. Tanzania ilitaifisha kiwanda chake mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha. Nchini Kenya mambo yalienda kinyume: kampuni ilijisogeza karibu na dola. Mwaka 1968 Kenneth Matiba, aliyekuwa katibu mkuu serikalini, aliingia kwenye uongozi wake, akawa sura ya Mwafrika katika kampuni ya walowezi kabla ya kwenda bungeni mwaka 1979. Timu ya mpira ya kampuni, ambayo leo ni Tusker FC, ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1994. Kauli ya tangazo, Bia yangu, nchi yangu, ikaunganisha chupa na bendera. Kampuni iliyoanza kwa kumfungia Mwafrika mlango ikawa alama ya Ukenya, na hilo limefanyika kwa ustadi ambao lazima utambuliwe.

Ushindani wa kweli ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. South African Breweries ilijenga kiwanda Thika na kuanza kuuza Castle mwaka 1998. Upande wa pili, Wakenya wakawa na kiwanda cha Kibo, Moshi, wakiwania soko la Tanzania. Kwa muda mfupi bei ilishuka na mnywaji akafaidi. Mwaka 2002 wakubwa hao wawili wakapatana. South African Breweries ikafunga Thika na kutoka, Kibo ikafungwa Moshi, wakabadilishana hisa za asilimia 20 kwenye kampuni za wenzao, na kila mmoja akabaki na nchi yake. Wafanyakazi wa Thika na Moshi walipoteza kazi. Mapatano hayo yalivunjika baadaye, Wakenya waliponunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries mwaka 2010, lakini kwa miaka minane mnywaji wa Kenya alikuwa na duka moja tu la bia. Aliyejaribu kufungua lingine, Keroche ya Naivasha yake Tabitha Karanja, alianza na mvinyo wa bei nafuu mwaka 1997, akaingia kwenye bia mwaka 2008, na akatumia miaka mingi akivutana na mamlaka ya ushuru.

Hiyo ndiyo historia ya ghorofa ya juu. Tushuke chini.

Mwaka 1980 bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Vilabu vya busaa vilivyokuwa na leseni navyo vilikuwa vimeanza kufungwa. Kuanzia hapo, mtu wa kipato cha chini Nairobi alibaki na bia ya chupa asiyoweza kuimudu kila siku, au mama pima, yaani mwanamke anayeuza chang'aa kwa kipimo. Mahitaji hayakupungua, yalihamia gizani, na gizani mwenye kupika hawajibiki kwa yeyote. Ndipo ikaja kumi kumi, gilasi ya shilingi 10. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru, watu zaidi ya 130 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walibaki hai bila macho. Mukuru kwa Njenga na Pipeline zinapakana; kuna sehemu ambapo mabati ya Mukuru yanaegemea ukuta wa ploti ya Pipeline, na watu wanavuka huku na huko kununua maji, mboga na pombe.

Tuieleze methanoli vizuri, maana vifo hivi husimuliwa kama laana. Methanoli ni spiriti ya viwandani, hutumiwa kutengeneza rangi na gundi. Kwa pua na ulimi haitofautiki kirahisi na pombe ya kunywa. Ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia neva ya jicho. Madhara huchelewa. Mtu hunywa jioni, akalala, na kesho yake, pengine baada ya saa 12 au 24, anaona ukungu, anatapika, anashindwa kupumua. Chang'aa iliyopikwa kwa mahindi na sukari guru ina madhara yake, lakini kwa kawaida si yenyewe inayoua kijiji kwa usiku mmoja. Kinachoua ni mfanyabiashara aliyeirefusha kwa kemikali ili ipate ukali na faida. Tena hospitalini dawa mojawapo ni ethanoli, yaani pombe safi, anayopewa mgonjwa kwa kipimo ili ini lishughulike nayo huku methanoli ikitolewa mwilini, na mashine ya kusafisha damu hukamilisha kazi. Aliyefikishwa mapema ana nafasi. Anayefichwa chumbani kwa sababu alichokunywa ni haramu hana.

Baada ya Mukuru serikali ilikuwa na njia mbili: kuzidisha misako, au kuifanya pombe salama iwe rahisi kuliko sumu. Mwaka 2004 ilijaribu ya pili. Kenya Breweries ilitoa Senator Keg, bia isiyotegemea shayiri iliyogeuzwa kimea, ambayo baadaye ilikuja kutengenezwa kwa mtama, na serikali ikaipa msamaha wa ushuru wa bidhaa. Bei ikawa chini kabisa ya bia ya chupa. Wanywaji wakaibatiza Obama, kwa kuwa mwana wa Mkenya alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa seneta kule Marekani. Baadaye wakulima wa Kitui, Tharaka na Nyanza wakapata soko la mtama, hasa aina ya gadam inayostahimili ukame. Kwa maoni yangu hii ndiyo sera bora ya pombe ambayo Kenya imewahi kuwa nayo, na ubora wake ulikuwa kwenye kitu cha kawaida kabisa: pipa.

Lione pipa hilo linavyofanya kazi katika baa ya keg pale Pipeline. Ni la chuma, lita 50, linaviringishwa kutoka kwenye lori asubuhi na kushushwa ngazi kwa kishindo. Halina chupa ya kuibiwa wala kifuniko cha kuigizwa. Mrija unaingia juu, gesi ya kabonidioksidi inasukuma bia, nayo inapita kwenye kipoozaji hadi bomba la kaunta. Mhudumu yuko nyuma ya wavu wa chuma, anapokea pesa kwanza, kisha anajaza jagi au kikombe cha plastiki. Ni vigumu kwa mwenye baa kuichezea bia iliyo ndani ya pipa lenye shinikizo, na pipa likifunguliwa bia haikai. Lazima iuzwe haraka. Bidhaa imefungwa na kampuni inayojulikana, inauzwa na mtu mwenye leseni, inanywewa mahali pa wazi, mbele ya watu. Mambo hayo manne mama pima hawezi kuyatoa hata akiwa mwaminifu, kwa sababu sheria imemnyima.

Halafu serikali ikahitaji pesa. Mwaka 2013 msamaha wa ushuru wa Senator ulikatwa hadi nusu. Bei ilipanda, mauzo yakaporomoka, baa nyingi za keg zikafunga. Mei 2014, watu zaidi ya 60 walikufa kwa siku chache katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na nyinginezo kwa pombe yenye methanoli. Sitaki kusema kwamba ushuru ule ndio uliotia sumu ndani ya mitungi. Aliyetia sumu ni muuzaji. Lakini waliosukumwa kutoka kwenye pipa kwenda kwenye mtungi walisukumwa na bajeti. Serikali yenyewe ni kama ilikiri, maana mwaka 2015 ilirudisha sehemu kubwa ya msamaha ule. Kampuni ikapata moyo wa kurudi Kisumu, ambako ilikuwa imefunga kiwanda mwishoni mwa miaka ya 1990. Kiwanda kipya kilichogharimu shilingi bilioni 15, cha kutengeneza Senator, kikaanza kazi mwaka 2019.

Kuna upande mwingine ambao siwezi kuupita. Ukiishi Pipeline unajua kwamba pombe salama si sawa na pombe isiyo na madhara. Kibarua anayelipwa kwa siku hupita kwenye baa kabla ya kupita kwa muuza unga. Mke ghorofa ya tano anasubiri na sufuria tupu, mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na mume anapanda ngazi usiku kwa kelele inayosikika ploti nzima. Mtu aliyezoea keg kila jioni analewa polepole maisha yake yote, na hakuna gazeti litakaloandika. Kampuni inayouza kwa watu hawa haifanyi sadaka. Inatafuta wingi, na Pipeline ina wingi. Wanaotaka ushuru upande wana hoja hii mkononi, na ni hoja ya kina mama wengi waliozika waume.

Mimi naikubali hoja hiyo kuliko suluhisho lake. Ushuru ukipanda, mnywaji wa mtaa wa kitajiri wa Lavington anaongeza noti. Wa Pipeline haachi kunywa, anashuka daraja. Anaiacha bia, ananunua kwota ya spiriti kali kwenye duka la mvinyo lililo chini ya ngazi yake, ambayo kwa pesa ile ile inamlewesha haraka zaidi. Isipotosha, anavuka kwenda Mukuru. Ikiwa lengo ni kupunguza ulevi, basi kinachohitaji kubanwa kwanza ni idadi ya maduka hayo ya spiriti na ukali wa kilichomo ndani ya chupa zake.

Sheria ya mwaka 2010, iliyopewa jina la mbunge wa Naivasha John Mututho, ilielekea upande huo. Iliifuta marufuku ya chang'aa ya 1980 ili ipikwe kwa leseni na viwango, ikakataza pombe kwenye vifuko na vifungashio vya chini ya mililita 250, ikataka baa ikae mbali na shule, na ikaweka saa: jioni saa kumi na moja hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa juma. Tanzania ilikuja kufanya jambo linalofanana ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko, Machi 2017. Ila huku Pipeline, pembeni ya barabara ya Outer Ring, saa za Mututho zimegeuka mapato ya askari. Baa inafungwa mlango wa mbele na kufunguliwa wa nyuma, na mwenye baa anaihesabu hongo kama anavyohesabu umeme. Na ile chang'aa halali yenye lebo na kipimo, iliyoahidiwa na sheria, haikuufikia mlango wa mama pima. Masharti ya leseni yalimtaka awe na kiwanda.

Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe yenye sumu Kirinyaga, na mwezi uliofuata Waziri wa Usalama wa Ndani Kithure Kindiki akatoa maagizo makali, yakiwemo ya kufunga baa zilizo katika makazi ya watu. Agizo kama hilo linasomeka vizuri katika mtaa wa kitajiri kama Karen. Pipeline yote ni makazi. Kila duka liko chini ya vyumba vya watu 200 au zaidi, kwa kuwa waliotoa vibali vya ujenzi waliacha ploti zipande bila kutenga soko, uwanja wala ukumbi. Ukifunga baa zote zilizo chini ya makazi utakuwa umefunga zenye leseni tu. Zile zilizo ndani ya vyumba, ghorofa ya tatu, hazina bango la kuondoa.

Mwaka 2023 Diageo ya Uingereza iliongeza hisa zake katika East African Breweries, kampuni mama ya Kenya Breweries, kutoka asilimia 50.03 hadi 65, ikilipa shilingi 192 kwa kila hisa. Thamani hiyo kwa kiasi fulani imejengwa na mapipa yanayoviringishwa kwenye vichochoro vya Eastlands, na imelindwa na msamaha wa ushuru ambao Wakenya wote wameugharamia. Kwa hiyo umma una haki ya kudai kitu. Ningetaka Hazina itangaze kiwango cha ushuru wa keg kwa miaka kadhaa mbele, badala ya kukibadilisha kila Juni kwa kufuata njaa ya bajeti. Ningetaka sehemu ya mapato hayo ilipie vituo vya matibabu ya uraibu vilivyo karibu na Embakasi, ambavyo mlinzi au mtu wa mjengo anaweza kuvimudu. Ningetaka kaunti igawe leseni kwa kuhesabu watu na maduka, mtaa kwa mtaa, na orodha ibandikwe kwa chifu ili mama wa ghorofa ya tano ajue nani kapewa. Na Mama Lucy Kibaki, hospitali ya umma ambayo mgonjwa wa Pipeline hukimbiziwa, iwe na dawa ya methanoli kwenye kabati la dharura kila siku ya mwaka, pamoja na tangazo mlangoni kwamba anayeletwa kwa pombe haramu hataitiwa polisi.